Muziki Unaoficha Makosa

Watu wengi wanaojifunza kupiga kinanda cha mdomo kwa mtindo wa blues huamini kwamba muziki mzuri wa kujizoezea ni ule unaowafanya wasikike vizuri. Imani hii ni ya uongo, nayo imewadhuru wanafunzi wengi kuliko uvivu ulivyowadhuru. Mimi nasema kinyume chake, tena nasema bila ya kung'ata maneno: muziki mzuri wa kujizoezea ni ule unaokuacha bila pa kujificha. Ukikosea, kosa lisikike. Ukinyamaza, kimya kisikike. Ukipotea njia, ujue papo hapo kwamba umepotea.

Yafaa kwanza nieleze jambo lenyewe, ili tusije tukagombana juu ya maneno. Blues ni nyimbo za Waamerika weusi, zilizochipuka katika majimbo ya kusini ya Marekani katika miongo iliyofuata kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1865. Walioziimba walikuwa wazao wa watu waliotolewa Afrika kwa minyororo. Kinanda cha mdomo, ambacho wengine hukiita harmonika, kilitoka upande mwingine wa dunia, katika nchi ya Ujerumani, ambako Matthias Hohner alianza kukitengeneza mjini Trossingen mwaka 1857. Kile kinachotumiwa sana katika blues ni kidogo, chaenea kiganjani. Kina matundu 10 na ndimi 20 za shaba: kumi hulia kwa kupuliza, na kumi hulia kwa kuvuta pumzi. Bei yake ilikuwa nafuu na mfuko mmoja ulitosha kukibeba. Basi watu wasio na kitu wakakipokea, wakakifundisha lugha ambayo mtengenezaji wake hakuiota.

Sasa, mtu anayejifunza akiwa peke yake hana bendi. Hana mpiga gitaa, hana mpiga besi, hana mpiga ngoma. Ndipo anapotafuta muziki wa kusindikiza, yaani muziki uliorekodiwa kwa makusudi pasipo kinanda chake, ili yeye aijaze sehemu iliyoachwa. Jambo hili si geni. Huko Marekani, kampuni ya Music Minus One ilianza kutoa sahani za santuri za namna hiyo mwaka 1950, na mwalimu wa jazz Jamey Aebersold alitoa ya kwanza katika mfululizo wake mwaka 1967. Leo mtandao wa intaneti umefurika muziki huo. Kijana wa Kisumu au wa Voi, ambaye hajapata kuiona Chicago wala Mississippi, huandika maneno mawili matatu katika simu, akaletewa muziki wa kumtosha miaka mingi. Kwa hiyo shida si uhaba. Shida ni uchaguzi, na wachaguzi walio wengi huchagua kama mtu mwenye njaa anunuavyo chakula sokoni.

Watazame. Huuchukua muziki ulio mnono kupita wote: magitaa mawili yanayojibizana, kinanda cha umeme kinachovuta sauti ndefu chini yake, tarumbeta zinazopaaza, na ngoma zisizopumzika. Mwanafunzi hubonyeza, huweka harmonika mdomoni, hupuliza na kuvuta apendavyo, na ajabu! Chumba kizima chasikika kama ukumbi wa starehe. Hutabasamu. Hudhani ameendelea. Kumbe walioendelea ni wale wapigaji sita waliorekodiwa, naye amepanda juu ya mabega yao kama mtoto aliyebebwa mgongoni anayejisifu kwamba ametembea safari ndefu.

Niruhusu nionyeshe hasara yake kwa mfano mmoja ulio wazi. Chukua harmonika ya ufunguo wa C. Tundu lake la tatu, ukivuta pumzi, hutoa sauti ya B. Lakini mpigaji wa blues aweza kuipinda sauti hiyo kwa kuugeuza ulimi na koo, ikashuka hadi B bapa, kisha A, kisha A bapa: sauti tatu ambazo hazina tundu lake mahali hapo. Hakuna alama ya kuzionyesha wala kitufe cha kuzikamata. Msaada ni sikio peke yake. Tena blues yenyewe hupenda sana sauti iliyo katikati ya B na B bapa, ambayo piano haiwezi kuipiga kamwe, kwa kuwa hujificha kati ya vitufe viwili. Sasa niambie, msomaji, mwanafunzi atalizoezaje sikio kwa sauti nyembamba namna hiyo, hali kinanda cha umeme na tarumbeta mbili zinamvumia masikioni? Atapinda nusu ya njia, sauti ibaki imeinama vibaya, na muziki mnono utaimeza. Ataenda kulala akiamini amefika. Mpe besi moja na ngoma moja, na sauti ileile mbovu itasimama mbele yake kama kidole kilichovimba. Ataiona, atachukia, atairudia.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi, kwa maana inagusa asili ya blues. Mstari wa blues kwa kawaida huimbwa mara mbili, kisha huja mstari wa tatu wa kujibu. Kila mstari hupewa vipimo 4 vya muziki, na kila kipimo kina mapigo 4. Walakini mwimbaji haimbi vipimo vyote vinne. Huimba takriban viwili, akanyamaza. Na katika viwili vilivyobaki chombo humjibu. Kwa hiyo mistari mitatu hufanya vipimo 12, na karibu nusu yake ni nafasi ya jibu. Hili ni jambo ambalo sikio la Kiafrika halihitaji kufundishwa, maana kila palipo na mwimbishaji na waitikiaji lipo. Wale watu waliovushwa bahari kwa nguvu walinyang'anywa majina na lugha zao, lakini desturi ya kuitwa na kuitika haikunyang'anyika.

Harmonika ndiyo mwitikiaji. Kazi yake ni kusikiliza neno, kulingoja limalizike, na kulijibu. Lakini muziki wa kusindikiza ulio mwingi hauna mwimbaji, na mwanafunzi asiye na mwongozo huichukua nafasi yote ya vipimo 12 kuwa ni mali yake. Hupiga kipimo cha kwanza, cha pili, cha tatu, hata cha kumi na mbili, pasipo kituo, mfano wa mgeni anayezungumza peke yake barazani tangu alasiri hadi magharibi. Akifanya hivyo kwa mwaka mzima, mwaka huo umemfundisha jambo moja kwa ukamilifu: kutosikiliza. Kisha siku moja hukaribishwa na watu wenye magitaa na mwimbaji wao. Mwimbaji anafungua kinywa, na kijana wetu yuko juu ya maneno yake kama jogoo juu ya paa. Hawatamwambia kitu, kwa kuwa watu ni waungwana. Hawatamwita tena.

Atasema mtu: lakini mabingwa wenyewe walipiga na bendi. Ndiyo, na tuitazame bendi yao. Mwaka 1952 huko Chicago, kijana aliyeitwa Little Walter, mzaliwa wa Louisiana, alirekodi muziki wa harmonika usio na maneno uliopewa jina la Juke. Ulipanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa watu weusi nchini Marekani, ukakaa hapo majuma 8. Nyuma yake walikuwapo akina nani? Magitaa mawili, la Muddy Waters na la Jimmy Rogers, na ngoma za Elga Edmonds. Basi. Hapakuwa na besi, hapakuwa na piano, hapakuwa na tarumbeta. Watu watatu walimwachia uwanja mpana, naye akajua la kufanya uwanjani. Ikiwa bingwa huyu alitosheka na watatu, mwanafunzi wa miezi sita ana dai gani la kutaka wanane? Hata hapa kwetu, wapigaji gitaa wa Magharibi ya Kenya wa zama za George Mukabi hawakuona haya kusindikizwa na chupa ya soda iliyogongwa kwa kipande cha chuma. Na mwendo wa chupa ile haukumficha mtu.

Kuna kundi jingine ambalo nalo silikubali, ingawa nia yao ni njema. Hawa husema muziki wa kusindikiza uachwe kabisa, kwa kuwa ni mashine, na mashine haina masikio. Ukipunguza sauti, haipunguzi, ukichelewa, haikungoji, ukipiga jambo zuri, haifurahi. Wasemayo ni kweli. Huelekeza kidole kwa DeFord Bailey, ambaye mwaka 1927 alirekodi Pan American Blues akiwa na harmonika tu, akaiga gari la moshi kwa pumzi zake, na hakuhitaji mtu wala ngoma. Nami namheshimu DeFord Bailey, tena ningependa kila mwanafunzi ajizoeze mwendo wa gari la moshi kabla ya kugusa muziki wowote wa kusindikiza, maana pumzi zenyewe ndizo ngoma ya kwanza. Lakini kumwambia kijana aliye peke yake kijijini asipige na chochote mpaka apate bendi ni kumwambia asijifunze kuogelea mpaka apate bahari. Asiyepata bahari na aanze na bwawa, mradi bwawa lenyewe lisiwe na kina cha kumficha.

Basi achague nini? Jambo la kwanza ni mwendo. Vijana hupenda haraka. Tufanye hesabu. Duru moja ya blues ina vipimo 12 vya mapigo manne, yaani mapigo 48. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, duru hiyo huisha katika sekunde 24. Katika mwendo wa mapigo 60, huchukua sekunde 48. Katika sekunde 24 mwanafunzi hana wasaa wa kujua alipo, hukimbizwa tu. Katika sekunde 48 ana wasaa wa kusikia muziki ukikaa nyumbani kwa vipimo 4, ukienda ngazi ya nne kwa vipimo 2, ukirudi nyumbani kwa 2, ukipanda ngazi ya tano kwa kimoja, ukishuka ya nne kwa kimoja, na kurejea nyumbani kwa 2 vya mwisho. Ana wasaa pia wa kuona aibu, na aibu kidogo katika mafunzo haiui mtu. Na aangalie kama mwendo ni wa sawasawa au wa kuchechemea, ule ambao kila pigo hugawanywa mara tatu na la katikati huachwa. Blues nyingi za Chicago huchechemea. Asiyeweza kuchechemea polepole hataweza kuchechemea mbio.

Jambo la pili ni ufunguo, na hapa nina ugomvi na watengenezaji. Harmonika haikazwi nyuzi kama gitaa. Ilivyotoka kiwandani ndivyo ilivyo. Na wapigaji wa blues kwa kawaida hawapigi katika ufunguo ulioandikwa juu ya kinanda chao. Hupiga katika kile kiitwacho mkao wa pili, ambapo harmonika ya C hupiga muziki wa G. Sheria yake ni rahisi: anza na ufunguo wa muziki, uuhesabu kuwa wa kwanza, panda hadi wa nne. Muziki wa G hutaka harmonika ya C. Muziki wa A hutaka ya D. Muziki wa E hutaka ya A, na Juke yenyewe ilipigwa hivyo. Lakini mtengenezaji huandika juu ya kazi yake neno «C» peke yake. Je, muziki ni wa C, au ni wa kupigiwa harmonika ya C? Mmoja akusudia hili, mwingine akusudia lile. Mwanafunzi mwenye kinanda kimoja tu hupuliza, husikia vita, naye hudhani kosa ni lake. Mtu akiuza dawa bila ya kuandika kipimo chake humshitaki. Huyu huachwa aendelee. Muziki usiosema ufunguo wake na mwendo wake kwa maneno kamili usiupoteze muda wako, hata kama unatolewa bure.

Lililo bora kuliko yote ni muziki unaoweza kupunguzwa. Katika sahani zake, Aebersold aliweka besi na ngoma upande mmoja wa stereo, na piano na ngoma upande wa pili, hata msikilizaji aliweza kuiondoa piano akabaki na besi. Huo ni utu wa mwalimu. Zipo leo programu za simu na za kompyuta zinazofanya zaidi ya hapo: hubadili ufunguo, hupunguza mwendo, huzima chombo kimoja kimoja. Sauti zake wakati mwingine ni kavu, na wenye majivuno huzicheka. Waache wacheke. Ukavu huo ni faida, kwa sababu haukulewi.

Kuhusu vifaa vya kuziba masikio sisemi mengi: vivue. Harmonika iliyo mdomoni na muziki ulio ndani ya sikio hufanya usiisikie sauti yako jinsi wengine wanavyoisikia. Weka simu mezani, sauti yake iwe chini ya yako.

Nami napendekeza, mara mbili kwa juma au tatu, uache kabisa muziki uliotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, ukae na rekodi halisi yenye mwimbaji. Ukae nayo hasa. Duru ya kwanza usipige hata sauti moja. Duru ya pili jibu mwisho wa kila mstari kwa sauti mbili tu, kisha nyamaza. Hapo utakutana na ubishi wa kweli, kwa maana mwimbaji hatakungoja na maneno yake hayafutiki. Jihadhari na mambo mawili. Rekodi za kale nyingine zilienda kasi kidogo au polepole kidogo kuliko ilivyopasa, hata ufunguo wake ukaanguka kati ya funguo mbili, na hapana harmonika itakayouafiki. Na wako waimbaji wakubwa, John Lee Hooker akiwa mmoja wao, ambao hawakujifunga na vipimo 12. Hubadili wanapotaka, baada ya vipimo 11 au 13 na nusu. Hao ni walimu wa darasa la juu. Lakini Jimmy Reed, mzaliwa wa Mississippi, mwenye harmonika iliyofungwa shingoni na gitaa la Eddie Taylor likitembea pembeni yake, ni jirani mwema kwa anayeanza: hana haraka, hana mapambo, na nafasi zake ni pana kama ua uliofagiwa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba nawanyima vijana furaha. Kwamba mtu ametoka shuleni, amechoka, ataka kupiga na bendi kubwa ndani ya simu yake na kujisikia mtu wa maana kwa dakika kumi. Sina ugomvi na dakika hizo kumi. Na azipate, ila asiziite mazoezi. Nami sikubali kwamba furaha iko upande mmoja tu. Yeyote anayetaka kubishana nami na afanye jaribio hili leo jioni. Na autafute muziki wa besi na ngoma, mwendo wa polepole, katika ufunguo anaoujua. Apige duru mbili. Mwanzo wa duru ya tatu azime sauti ya simu, muziki uendelee kimya, naye aendelee kupiga, akihesabu vipimo kwa mguu. Mwanzo wa duru ya nne, kwa hesabu yake mwenyewe, afungue sauti. Mara ya kwanza atakuta bendi imekwisha kufika kipimo cha tatu naye ndiyo kwanza anakiingia cha kwanza, au ametangulia mbele peke yake. Mara ya ishirini, pengine, ataifungua sauti na kukuta pigo la ngoma limeangukia mguu wake uliokuwa ukishuka.

Kisha na aje aniambie ni ipi kati ya furaha hizo mbili aliyopenda kuirudia kesho.